Kufunga kilima cha shabaha siyo kunyang'anya watu bunduki, ila kufunga peke yake hakusaidii kitu

Kila msitu wa taifa huku Marekani unapotangaza kwamba eneo fulani limefungwa kwa kupiga shabaha, maneno huwa ni yale yale. Upande mmoja unasema haya sasa serikali imeanza kutunyang'anya bunduki kidogo kidogo, upande wa pili unashangilia kwamba afadhali wale wendawazimu wamefukuzwa mlimani. Halafu Januari 2025 Biden akasaini ile sheria ya EXPLORE, siku chache tu kabla hajaondoka Ikulu, sheria kubwa ya mambo ya kambi na matembezi ya nje, na ndani yake kuna kipengele kinachotaka kila msitu wa taifa na kila wilaya ya ardhi ya BLM, ile idara nyingine ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma, iwe na angalau renji moja ya wananchi kupigia shabaha. Basi zamu ikageuka, waliokuwa wanashangilia wakanuna ati kodi zao zinaenda kuwajengea watu wa bunduki viwanja, na waliokuwa wamenuna wakaanza kupongezana. Mimi niko Colorado, haya mabishano nayasoma mpaka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona pande zote mbili zinagombania kitu ambacho sicho.

Hoja yangu ni hii. Hatari ya vile vilima vya porini ambako watu wanajipigia shabaha haitoki kwenye bunduki wala kwenye chama anachopigia mtu kura, inatoka kwenye ukweli kwamba hakuna mtu aliyevipanga. Nani alipima nyuma ya kile kilima kuna nini? Nani anazoa taka, nani anasema leo upepo mkali na nyasi zimekauka, wekeni bunduki ndani ya gari? Hayupo. Kwa hiyo ukifunga bila kufungua pengine umehamisha risasi tu, umezitoa bonde hili umezipeleka bonde lile ambalo hujalijua bado. Na ukijenga renji huko porini saa tatu kutoka mjini ili mradi sheria itimie, umejenga kitu cha kupigia picha. Vyote viwili vinatakiwa viende kwa pamoja, tena karibu na miji wanakotoka hao wapiga shabaha, na hilo la "karibu na miji" ndilo hakuna mwanasiasa anataka kuligusa.

Kwa msomaji aliyeko Dar au Mombasa hili linaweza kuonekana jambo la ajabu. Kwetu msitu wa hifadhi una TFS au KFS, ukikutwa humo na bunduki unalenga chupa za soda utajieleza vizuri mbele ya pilato. Huku ni kinyume kabisa. Idara ya Misitu ya Marekani inasimamia ekari kama milioni 193, misitu ya taifa 154, ukigeuza ni kilomita za mraba karibu 780,000, yaani Kenya nzima inaingia humo na nafasi inabaki. BLM nao wana ekari zao nyingine kama milioni 245, nyingi ni jangwa na nyasi za magharibi. Na kwenye sehemu kubwa ya ardhi hiyo kanuni ni kwamba pako wazi mpaka pafungwe. Sheria ya Dingell ya mwaka 2019 iliandika hivyo waziwazi kwa uwindaji, uvuvi na shabaha, tena ikaongeza kwamba wakitaka kufunga wafunge eneo dogo kadiri inavyowezekana na kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo mtu anatoka Denver au Phoenix au Salt Lake City, kapakia bunduki zake kwenye pikapu, anaendesha kama saa moja, anaingia barabara ya vumbi, anaona shimo la zamani la kokoto au ukingo wa mlima, chini maganda ya risasi yametapakaa, basi anajua ni hapa. Kibao hakuna, mlinzi hakuna, ada hakuna. Mahali penyewe pamechaguliwa na mazoea, mmoja alipiga pale siku moja, wa pili akaona maganda akasimama, wa tatu akaleta TV mbovu aipige, na baada ya miaka michache watu wanapaita "renji" wakati hakuna hata koleo moja la udongo lililowahi kusogezwa pale.

Sasa kanuni zipo, usije ukadhani ni vurugu tupu. Kanuni za Idara ya Misitu zinakataza kufyatua ndani ya yadi 150 kutoka kwenye nyumba, kambi, au mahali penye watu, yaani kama mita 137. Zinakataza kupiga kuvuka barabara ya msitu au maji yaliyo kando yake, kupiga ndani ya pango, na kupiga kwa namna yoyote itakayohatarisha mtu au mali. Hiyo ya mwisho ndiyo ya maana kuliko zote lakini ndiyo watu wanaisahau, wote wanashika ile namba 150 kama vile ni ukuta. Ichukue risasi ndogo kabisa, ile ya .22 ambayo baba anamfundishia mtoto wa miaka kumi. Kwa miaka mingi maboksi yake yameandikwa onyo kwamba inaweza kuwa hatari mpaka umbali wa maili moja na nusu, karibu kilomita mbili na nusu hizo. Risasi za bunduki za kuwindia zinaenda mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo unaweza ukasimama mita 200 kutoka kambi ya watu, ukawa sawa kabisa kwa ile namba, ukalenga kikopo kilichowekwa juu ya jiwe na nyuma ya jiwe hakuna kitu ila anga, ukakosa kikopo, na hapo hujui risasi yako imeenda kulala wapi. Boksi la karatasi ulilochora duara halizuii risasi, mti nao si wa kutegemea, jiwe linairudisha au kuipeleka pembeni, ardhi iliyoganda kwa baridi nayo inaidundisha. Kinachozuia risasi ni udongo mwingi, mrefu, mlaini, usio na mawe. Tuta. Mjadala wote huu ungeanzia kwenye neno tuta tungekuwa tumeokoa muda mwingi.

Na siyo nadharia. Julai 2015, hapa hapa Colorado, kwenye msitu wa Pike karibu na Rainbow Falls, mzee mmoja alikuwa kambini na familia yake, watoto na wajukuu wako pale wanachoma vitamutamu vyao kwenye moto kama wafanyavyo watu wote wa huku wakienda kambi, risasi iliyopotea ikaja ikampata akafa. Ule ni ukanda ambao kwa miaka watu wa Colorado Springs na Denver wamekuwa wakienda kupiga shabaha na watu hao hao wa Colorado Springs na Denver wamekuwa wakienda kulala kwenye mahema, kila mmoja na haki yake, kwenye barabara zile zile za vumbi. Sisi wenyewe tunapanda huko kiangazi na makaa na nyama ya mbuzi, mtu anageuza nyama huku unasikia pa pa pa pa ng'ambo ya mlima, wote mnachekeana mnaendelea. Ukiuliza wanapiga kuelekea wapi hakuna anayejua, na ukweli ni kwamba wao pia hawajui sisi tuko wapi.

Moto ndio unaonipa mimi wasiwasi zaidi kuliko hata risasi zilizopotea, maana risasi inaua mmoja. Watu wengi walikuwa wanabisha kwamba risasi ya kawaida haiwezi kuwasha moto, ni uzushi wa wapenda miti. Mwaka 2013 watafiti wa Idara yenyewe ya Misitu wakafanya jaribio, wakafyatua risasi za aina mbalimbali kwenye bamba la chuma, vipande vinavyopasuka vikawa vinaangukia kwenye boksi la mboji iliyokaushwa vizuri, wakatazama nini kinawaka. Zilizowasha zaidi ni zenye chuma ndani yake au kwenye ganda lake, pamoja na zile zilizotengenezwa kwa shaba tupu, na joto la vipande walilikadiria kufika karibu nyuzi 800 za Selsiasi. Yaani bila baruti ya kulipuka, bila kiberiti, risasi kugonga kitu kigumu tu. Sasa weka hapo mlima wa Utah mwezi wa sita. Juni 2012 wapiga shabaha waliwasha moto karibu na Saratoga Springs, ukala zaidi ya ekari 5,000 na maelfu ya watu wakahamishwa majumbani mwao. Na ile ya Arizona Aprili 2017 nadhani wengi mliiona video yake, askari wa mpakani siku ya mapumziko anapiga shabaha ya kulipuka ili itoe rangi ijulikane mke wake ana mimba ya mtoto gani, moto ukaanzia kwenye ardhi ya jimbo ukaingia msitu wa taifa wa Coronado, ekari karibu 47,000, hasara zaidi ya dola milioni 8. Alikiri kosa mahakamani, akapewa muda wa uangalizi wa miaka mitano na deni la fidia. Mtoto alikuwa wa kiume, kama ulikuwa unajiuliza.

Hapo kuna jambo ambalo sijaona watu wakiliongelea na mimi naliona ndilo linaeleza kila kitu. Wanaopenda ndege na wanyama wamepigania kwa miaka mingi watu waache risasi zilizotengenezwa kwa madini ya risasi, yaani lead, kwa sababu sumu yake inabaki kwenye mizoga na kwenye udongo, inaua tai na wale tumbusi wakubwa wa California, na California imezikataza kabisa kwenye uwindaji tangu Julai 2019. Sawa, ni vizuri. Mbadala wake mkubwa ni upi? Shaba. Na shaba tupu ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inawasha mboji kwenye jaribio la 2013. Yaani ukiwa kwenye kilima cha mawe kisicho na mpango unachagua sumu au moto, hakuna aina ya risasi itakayokutoa hapo. Ila ukipiga kwenye tuta la udongo laini lililojengwa vizuri na lililofyekwa nyasi, kipande cha shaba kinazimika ndani ya udongo, na yale madini ya risasi yote yanakusanyika sehemu moja ambapo baada ya miaka kadhaa mtu anakuja na mashine anachekecha anayauza chakavu. Matatizo mawili makubwa yanapungua kwa kitu kimoja ambacho bei yake ni ya greda na siku chache za kazi. Halafu watu wanabishania Katiba na haki ya kumiliki bunduki.

Taka sitazisemea sana, aliyewahi kufika anajua, friji zilizotobolewa, monita za kompyuta, mitungi ya gesi, vioo, na zile sahani za kurusha hewani ambazo nazo zina lami yake. Miti inapigwa mpaka inakatika. Kule Arizona wanapiga mikaktasi mirefu ya saguaro, ile mimea ya jangwani yenye miiba, ambayo inachukua miaka mingi sana mpaka iote mkono mmoja, na mwaka 1982 kuna jamaa alipiga mmoja kwa shotigani mpaka ukamwangukia ukamuua, watu wa Arizona wanalisimulia hilo mpaka leo bila huruma yoyote.

Turudi kwenye hoja za watu. Wapiga shabaha wana hoja nzito na mimi sizibezi. Kwanza renji za biashara ni ghali ukiwa na familia, na nyingi ni za ndani, huwezi kurekebisha bunduki ya kuwindia kwa umbali wa mita 200 ndani ya jengo la mita 25. Mwindaji asiyerekebisha bunduki yake kabla ya msimu ndiye anayejeruhi paa halafu paa anaenda kufia mbali, kwa hiyo mazoezi ni sehemu ya utu. Pili, mahakama za huku zimeshagusa hili, mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliiambia Chicago kwamba huwezi kumtaka mtu apate mafunzo ya renji ndipo umpe kibali, halafu hapo hapo ukapiga marufuku renji zote mjini. Ukifunga kila mahali bila kuacha pa kwenda unaelekea njia ile ile. Na tatu, hii ndiyo ninayoipenda, wameshalipa. Tangu 1937 kuna sheria ya Pittman-Robertson, kila bunduki ndefu na kila boksi la risasi lina ushuru wa asilimia 11, bastola asilimia 10, pesa zinaenda kwenye idara za wanyamapori za majimbo, na renji ni moja ya vitu zinavyoruhusiwa kujenga. Mwaka 2019 Kongresi ikalegeza zaidi, serikali kuu inaweza kubeba mpaka asilimia 90 ya gharama ya renji ya umma badala ya asilimia 75. Kwa hiyo anayesema kodi yangu mimi mtembea milimani inawajengea watu wa bunduki viwanja, hapana, sehemu kubwa inaweza kutoka kwenye boksi la risasi alilonunua yule yule anayepiga TV bondeni. Yeye kalipia renji, ila renji hana.

Hoja yao dhaifu kuliko zote ndiyo wanayoitumia zaidi. Ati ni wachache wanaoharibu, wakamateni hao, sheria zipo, msituadhibu wote. Inasikika vizuri sana mpaka uanze kupiga hesabu. Askari wa Idara ya Misitu mmoja anaweza kuwa na eneo la mamia ya maelfu ya ekari, na mwanzoni mwa 2025 idara hiyo hiyo ilikuwa inaachisha kazi wafanyakazi wake wengi waliokuwa kwenye kipindi cha majaribio, kesi zikaenda mahakamani, wengine wakarudishwa, ila hakuna anayeweza kusema kwamba watu wameongezeka. Sasa huyo mmoja atamkamata nani? Risasi haina jina la mwenyewe, TV iliyotobolewa haina jina, maganda yako elfu kumi chini. Lakini kasoro kubwa ya hoja hii siyo hata askari. Ni kwamba inadhani hatari inaletwa na watu wabaya. Yule aliyesimama mita 200 kutoka kambi akapiga kikopo juu ya jiwe anaweza kuwa mtu safi kabisa, hana kosa la barabarani hata moja, anaokota maganda yake yote, na bado risasi yake imevuka mlima. Huwezi kumkamata mtu kwa kutojua nyuma ya kilima kuna nini kabla risasi haijafika. Na hata wale wenye kusema "tumepiga hapa miaka 30 hakuna aliyeumia" wanasahau kitu kimoja tu, Colorado ya 1990 ilikuwa na watu milioni 3.3, ya 2020 milioni 5.8. Kilima hakijasogea, ila sisi wengine tumehamia nyuma yake.

Upande wa pili nao wana hoja dhaifu, ya kupiga marufuku msitu mzima basi imekwisha. Watakuonyesha msitu wa Angeles pale juu ya Los Angeles, ambako huruhusiwi kupiga shabaha ovyo ila kwenye renji zilizotengwa. Ni kweli, ila soma sentensi mpaka mwisho, "ila kwenye renji zilizotengwa". Pana mahali pa kwenda. Ukifunga tu, yule jamaa wa pikapu harudi nyumbani kucheza karata, anaendesha dakika ishirini zaidi anatafuta kilima kingine, na kile cha zamani angalau kila mtu alikuwa anakijua, wapanda baiskeli walikuwa wanakikwepa, hiki kipya hakijui mtu. Mahali pa zamani huwa pamejifundisha penyewe, watu wameshajua upande upi wa kusimama, mahali papya hapana hata hilo.

Ndiyo maana mimi naona pesa siyo kikwazo kikubwa, wala sheria. Kikwazo ni jirani. Mwaka 2013 kaunti nne za hapa Colorado, Boulder, Larimer, Gilpin na Clear Creek, ziliungana na Idara ya Misitu na watu wa wanyamapori wa jimbo kutafuta jibu kwa msitu wa Arapaho na Roosevelt, wazo lenyewe zuri, tufunge maeneo ya hatari na tutafute maeneo ya renji. Kuhusu kufunga hakukuwa na ubishi mkubwa. Ilipofika renji iwe wapi, kila mahali palipotajwa watu wa pale walisimama, kule Allenspark wakaazi walipinga kwa nguvu, kelele, magari, moto, bei ya nyumba. Na siwalaumu, hata mimi sitaki kuamka Jumapili na sauti ya bunduki. Lakini tazama kinachotokea hapo, wenye nyumba wanakataa renji yenye tuta na saa za kufunga, wanabaki na vilima ishirini visivyo na tuta wala saa za kufunga, ambavyo havihitaji kibali cha mkutano wowote kwa sababu havipo kwenye ramani. Kelele wanazo tayari. Wamekataa ile tu ambayo ingeweza kuzimwa saa kumi na mbili jioni.

Na inawezekana, siyo ndoto. Arizona, ambako bunduki ni nyingi kuliko hapa na jangwa liko mlangoni, wana renji ya Ben Avery kaskazini mwa Phoenix inayoendeshwa na jimbo, kubwa kweli kweli. Halafu BLM nao wakaenda kwenye jangwa kuzunguka jiji wakachagua sehemu chache kama pale Baldy Mountain karibu na Ziwa Pleasant, wakatengeneza matuta, wakaweka mistari ya kusimamia na mabango, basi, hakuna mgahawa wala kioo. Hapa Colorado kwenye nyasi za Pawnee kuna Baker Draw, sehemu iliyotengwa namna hiyo hiyo. Siyo paradiso, taka bado zipo, wajinga bado wapo, ila wote wanapiga kuelekea upande mmoja na upande huo ni udongo. Kwa mambo ya risasi hilo ni kama robo tatu ya kazi.

Kuna kipande kingine ambacho Mmarekani hatakiandika kwa sababu hakimhusu, lakini sisi kinatuhusu. Vijana wetu wanaalikwa sana huko milimani na wenzao wa kazini au wa chuo, twende tukapige, ni raha, huhitaji chochote. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, ya masomo au ya kutembea au hata ya kazi, kushika bunduki au hata risasi zenyewe, isipokuwa awe na leseni halali ya kuwinda kutoka jimbo lolote au aingie kwenye misamaha michache mingine. Ambaye hana karatasi kabisa, leseni hiyo haimsaidii. Mwenye green card hayumo kwenye katazo hilo. Ile kesi iliyofika Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani mwaka 2019 ilianza na kijana wa Falme za Kiarabu, mwanafunzi kule Florida, chuo kilimfukuza kwa kufeli, hadhi yake ya viza ikaisha, akaenda renji akapiga, akashtakiwa akafungwa. Mahakama ikasema mwendesha mashtaka alitakiwa athibitishe kwamba alijua hadhi yake imeisha, ikairudisha kesi chini, lakini mpaka hapo ameshapita jela. Renji ya biashara mara nyingi inakupa fomu kabla hujashika kitu, na kwenye fomu hizo nyingi kuna swali la uraia au viza, unaweza kushtuka ukarudi nyuma. Kilima hakikuulizi. Wewe unamshikia rafiki bunduki akupige picha ya Instagram, picha inakaa humo miaka, siku ya kuomba karatasi ndiyo inafunguliwa.

Kwa hiyo hii sheria ya EXPLORE mimi naiunga mkono, ila naiogopea kitu kimoja. Imesema angalau renji moja kwa kila msitu, ndani ya miaka mitano na kama bajeti itaruhusu. Misitu 154 kwa ekari milioni 193, ni wastani wa renji moja kwa ekari milioni moja na robo. Meneja wa msitu aliyebanwa na muda na hana watu atafanya nini? Atatafuta mahali ambapo hakuna jirani wa kulalamika, mbali kabisa, atachora mstari, ataweka bango, atatuma ripoti Washington kwamba msitu wake umetimiza. Yule wa pikapu kutoka Aurora, mji ulio jirani na Denver, hataendesha saa tatu kwenda huko, ataendelea na shimo lake la kokoto dakika hamsini kutoka nyumbani. Halafu mwaka 2030 mtu atasimama Kongresi aseme tumeona, tumewajengea renji na bado wanapiga porini, na mwingine ajibu tumeona, wamejenga renji ili wapate kisingizio cha kufunga msitu. Msitu wa Pike nao umekuwa ukiandaa mpango wake wa kuunganisha vyote viwili, renji huku na kufunga kule, na hapo ndipo pa kutazama, wanaoanza na maeneo yenye watu wengi au wanaoanza na maeneo rahisi.

Maeneo haya hayachaguliwi gizani. Sheria ya mazingira ya huku, iliyosainiwa tangu Januari 1970, kwa kawaida imekuwa ikiwafanya watangaze mpango na kupokea maoni ya wananchi kabla ya kujenga au kufunga, na maoni hayo anaweza kuyatuma mtu yeyote, hawaulizi uraia wala unamiliki nini. Mikutano ikifanyika inajaa wenye nyumba za milimani, na vyama vya bunduki vinatuma barua zilizoandikwa na wakili mmoja. Watu wa mahema, wapanda farasi, wavuvi, na sisi wa nyama choma, ambao ndio tunaokaa upande ule risasi zinakoelekea, kwa kawaida hatumo kwenye karatasi zile kabisa.